Springi pati zitembee, sio ziwe mbao: mwongozo kamili wa kuzifanyia modi kwa gari la porini

Ukienda kwa fundi springi yeyote ukamwambia unataka gari yako ipande vizuri porini, jibu utakalopewa mara nyingi ni moja tu, tuongeze pati mbili (pati ni vile vipande bapa vya chuma vinavyopangwa kimoja juu ya kingine kuunda springi). Anaongeza, gari inanyanyuka nyuma, we unafurahi unalipa unaondoka. Alafu ukifika kwenye korongo la kwanza tairi moja inaning'inia hewani inazunguka bure, na barabara ya makorogeshoni (yenye mikunjo kama bati) inakupiga kiuno mpaka unajuta. Gari imekuwa juu kweli lakini springi hazitembei tena, na porini kutembea kwa springi ndo kila kitu, manake tairi isiyogusa ardhi haisukumi.

Humu nitaongelea zaidi Suzuki ndogo, yaani SJ410, Samurai na Maruti Gypsy ambazo kwa Kenya zipo nyingi, kwa sababu zina springi pati mbele na nyuma na ni nyepesi, ni gari nzuri ya kujifunzia. Ila mengi yanafanya kazi hata kwenye Hilux au Land Cruiser za zamani, na zikitofautiana nitasema.

Kwanza elewa hesabu moja tu

Ugumu wa pati unaenda na unene wake ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe, unene × unene × unene. Chukua pati ya mm 6 na ya mm 8. 6×6×6 ni 216, 8×8×8 ni 512. Yaani kwa urefu na upana uleule, pati moja ya mm 8 ina ugumu wa zaidi ya pati mbili za mm 6. Ndo maana fundi akichomeka pati moja nene kutoka kwenye lori gari inageuka mkokoteni. Urefu nao ni hivohivo ila kinyume, ukitoka springi ya cm 110 kwenda ya cm 125 bila kubadili kitu kingine, ugumu unashuka karibu theluthi moja. Kwaiyo unachotafuta ni springi ndefu yenye pati nyingi nyembamba, na sio fupi yenye pati chache nene. Hiyo ndefu mzigo itabeba, na bado itakunja vizuri.

Pima kabla hujagusa spana

Egesha sehemu tambarare kabisa, gari ikiwa na mzigo wako wa kawaida (tairi ya akiba, madumu, jeki, kila kitu). Pima kutoka sakafuni mpaka ukingo wa bodi kwa kila tairi uandike. Pima pembe ya pua ya difu (pale propela inapoingilia) mbele na nyuma, app ya kupimia usawa kwenye simu inatosha kabisa. Angalia mkono wa propela unaoteleza umetoka nje kiasi gani, weka alama kwa rangi. Piga picha za sheko (vile vyuma vinavyoning'iniza ncha moja ya springi kwenye chesisi na vinacheza) kwa pembeni. Pima upana wa pati pia kwa vernia, Hilux nyingi ni mm 60, Land Cruiser za zamani ni mm 70, Suzuki ni nyembamba zaidi, sasa usije ukanunua springi mtumba nzuri alafu haikai kwenye kikalio (pale springi inapokutana na ekseli).

Kama unataka namba ya kujilinganisha, tengeneza rampu yenye mwinuko wa nyuzi 20, panda na tairi moja ya mbele taratibu mpaka tairi nyingine yoyote ianze kuacha ardhi, simama hapo upime umepanda cm ngapi juu ya rampu. Gawa kwa urefu wa kati ya ekseli mbili zidisha kwa 1000. Mfano SJ410 fupi ina cm 203 kati ya ekseli, ukipanda cm 120 umepata kama 591. Rudia kila ukibadilisha kitu, hapo ndo utajua modi imesaidia au imependezesha tu.

Kufungua pakiti na kuisuka upya

Nyanyua gari, weka stendi kwenye chesisi (sio kwenye ekseli), jeki ibebe ekseli. Fungua shokapu, yubolti (zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli), alafu bolti za sheko na za jicho lisilotembea (ncha ya springi iliyofungwa moja kwa moja kwenye chesisi). Ukishatoa springi, KABLA hujafungua senta bolti (inayopita katikati ya pati zote) bana pakiti kwa vaisi au jiklampu mbili, manake pati zina nguvu zimejikunja mle ndani na ukifungua senta bolti peke yake zinaruka, zinaweza kukuvunja mkono. Fungua taratibu.

Sasa zitandaze chini kwa mpangilio, piga brashi ya waya, angalia nyufa hasa kuzunguka tundu la senta bolti na pale ncha ya pati ya chini ilipokuwa inagusa ya juu. Utakuta ncha zimechimba kama kamtaro. Hilo ndo linalofanya springi igome na ilie, pati zinashikana badala ya kuteleza. Kwaiyo:

Chukua grainda uzungushe ncha za pati, zile zilizokatwa mraba uzifanye ziwe na mviringo na upande wa juu uzime makali. Fanya kidogokidogo huku unamwagia maji, chuma cha springi kikishageuka rangi ya bluu ujue kimepata moto kupita kiasi na unaweza kuharibu ugumu wake hapo. Na kwa sababu hiyohiyo usikubali mtu apashe springi kwa moto wa gesi barabarani ili aikunje, wala kuichomelea kitu chochote. Ikipashwa ovyo itakaa wiki kadhaa alafu inalala au inakatika. Kufua springi kwa baridi kwa nyundo juu ya fuawe inawezekana kwa kiasi, ila kazi kubwa ipeleke kwa wenye tanuru na mafuta ya kuzimia (kupozea chuma cha moto).

Kwenye ncha weka vipande vya plastiki ngumu. Wengi hupaka grisi, na kwa nchi yenye vumbi kama yetu grisi inakusanya mchanga inakuwa msasa. Plastiki ile ya vibao vyeupe vya kukatia nyama inafaa sana aisee, kata kipande cha urefu wa kama cm 5, toboa tundu ukibane kwenye ncha kwa riveti yenye kichwa kilichozama, na ukitoboa ncha ya pati toboa za chini tu, usiiguse ile kubwa. Zitakwisha baada ya muda, unabadilisha, bei yake ni ndogo.

Alafu mchanganyo wenyewe. Acha pati kubwa yenye macho na ya pili yake. Toa ile nene iliyonyooka chini kabisa (Hilux nyuma inayo, kazi yake ni kusaidia ukibeba mzigo mzito) na badala yake weka mbili nyembamba zenye mkunjo unaofuatana na wa pati zingine. Pati za kuchanganyia tafuta mtumba, hata za kirikuu (pikapu ndogo), cha msingi upana ulingane, unene upungue kadri unavyoshuka chini na kila moja iwe fupi kuliko ya juu yake kwa hatua zinazolingana. Ukiruka hatua, yaani ndefu ndefu alafu ghafla fupi sana, pati ya juu itakatikia palepale kwenye hiyo ncha fupi. Kama unabeba mzigo kila siku hii ya kutoa pati nene usiifanye, au ifanye uweke mpira wa upepo wa kusaidia kati ya ekseli na chesisi unaoujaza siku ya safari na kuupunguza ukiingia porini.

Zile klipu zinazobana pati pamoja nazo ni za kuchezea. Upande wa sheko zilegeze, pati ziachiane tairi ikishuka. Upande wa jicho lisilotembea ziache zibane, manake huo upande ndo unaozuia ekseli isijinyonge ukikanyaga mafuta. Watu wakisikia klipu zinazuia springi kutembea wanakata zote mbili pande zote, alafu wanashangaa pati kubwa imekatika kwenye jicho.

Na pati ya pili, kama unaagiza springi mpya kwa watengenezaji, omba izunguke jicho la pati ya kwanza bila kuligusa, iache nafasi. Hii staili wanatumia sana kwenye magari ya jeshi, pati kubwa ikikatika porini ekseli haikimbii, unarudi nyumbani polepole.

Sheko

Hapa kila mtu anapenda kuanzia kwa sababu ni rahisi, unakata vyuma viwili virefu gari imepanda. Hesabu yake ni nusu, sheko ikiongezeka cm 5 gari inapanda cm 2.5 tu. Na inazungusha ekseli. Kwenye Samurai sheko za mbele zipo mbele ya springi, kwaiyo ukirefusha, springi inalalia mbele, pua ya difu inaangalia juu (hilo zuri kwa propela) lakini kasta (kulalia nyuma kwa mhimili unaogeuzia tairi za mbele) inapungua, gari inaanza kutangatanga barabarani stelingi hairudi yenyewe. Dawa ni weji za chuma kati ya springi na kikalio, za nyuzi 2 mpaka 4, zishikwe na senta bolti ndefu zaidi. Zisiwe za alumini, zinapasuka.

Muhimu kuliko urefu ni pembe. Gari ikiwa imesimama na mzigo, mguu wa chini wa sheko uwe umeegemea kwa nje kidogo, mbali na jicho lisilotembea, nyuzi kama 15 mpaka 30 kutoka wima. Springi ikibonyezwa inarefuka, sheko inapisha. Sheko ikiegemea ndani springi inakuwa ngumu hata kama pati ni laini, na hii ndo siri ya wanaolalamika kuwa springi zao mpya ngumu, springi imefuliwa mkunjo mkubwa sana, umbali wa jicho kwa jicho umekuwa mfupi, sheko imevutwa ndani. Suluhisho ni kusogeza kile kibanio cha sheko kwenye chesisi, sio kupunguza pati.

Kuna sheko za kukunjuka, zenye bawaba katikati, tairi ikining'inia zinafunguka na ekseli inashuka zaidi. Kwenye picha zinapendeza kweli. Lakini zikishafunguka ile tairi haina nguvu ya kusukuma ardhi tena, inaning'inia kwa uzito wake tu, na kwenye mteremko wa pembeni upande wa juu unaweza kufunguka ghafla ukahisi gari inataka kulala. Kama utatumia, nyuma tu, na weka kizuizi zisifunguke kwenye lami. Mimi nisingeziweka kwenye gari inayobeba familia.

Bushi pia zina neno. Zile ngumu za rangirangi zinadumu ila zinazuia springi kujinyonga, za mpira wa kawaida zinanyumbulika vizuri zaidi. Ukiweka za mpira, bolti zake zikaze gari ikiwa CHINI kwenye tairi, ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia mpira unabaki umenyongwa muda wote na unachanika mapema.

Kuhamisha springi juu ya ekseli

Hii ndo modi kubwa. Suzuki hizi na Land Cruiser FJ40 zimetoka kiwandani springi ikiwa chini ya ekseli. Ukiihamishia juu, gari inapanda karibu unene wa ekseli na springi ukijumlisha, kwa Samurai ni kama cm 12 au 13, kwa springi zilezile laini za kiwandani. Na chini ya ekseli hakuna tena nati za yubolti na pleti za kugonga mawe. Ndo maana wengi wa kwenye mawe wanaipenda. Ukiangalia mashindano kama Rhino Charge ya Kenya, yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare, watu wana saa 10 kupitia vituo 13 na mshindi ni aliyetembea umbali mfupi zaidi, sio mwenye mbio, kwaiyo anayeweza kukata moja kwa moja kwenye korongo ndo anayeshinda.

Kazi inaenda hivi. Tengeneza vikalio vipya kwa pleti ya mm 6, upana sawa na springi, urefu cm 12 mpaka 15, tundu la senta bolti katikati. Weka juu ya ekseli bila kuchomelea, funga springi, shusha gari uzito wote ukae kwenye tairi, sasa geuza ekseli mpaka pembe ikae sawa na ushikize kwa nukta tu za welding. Nyuma, kama propela ina krosi (jointi inayopinda) moja kila upande, pembe ya pua ya difu ilingane na pembe ya mdomo wa transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), ziwe sambamba, ila pua ishushwe nyuzi 1 au 2 chini kwa sababu ukikanyaga mafuta inapanda yenyewe. Kama una propela yenye krosi mbili upande wa transfa, basi pua iangalie transfa moja kwa moja.

Mbele ni kizungumkuti kidogo, pua ya difu na kasta zimeshikamana kwenye ekseli moja. Ukiinua pua kasta inapotea. Chagua kasta kwanza, nyuzi 3 mpaka 5 zikiegemea nyuma, propela ya mbele ivumilie, kwa sababu huko mbele inafanya kazi ukiwa kwenye fo wili tu, na kasta unaitumia kila siku.

Baada ya nukta, vua ekseli, chomelea kamili ila vipande vifupivifupi, huku kidogo kule kidogo, ipoe, ukichoma mfululizo bomba la ekseli linapinda na shafti itakula oil sili mpaka uchoke. Toa terminal ya betri kabla. Kwa kazi hii tafuta mchomeleaji mzuri hata kama ni ghali, kikalio kikiachia kwenye mwendo ekseli inageuka nzima.

Yubolti mpya kila mara, za zamani zimeshavutika. Zipitishe kutokea chini, nati ziwe juu ya springi kwenye pleti nene, uzi usining'inie chini.

Stelingi sasa. Gari imepanda ila boksi la stelingi limepanda nalo, rodi inayotoka kwenye boksi kwenda kwenye tairi imekuwa na mteremko mkali, kila tuta gari inajigeuza yenyewe na rodi inaweza kugonga springi. Kuna wanaopinda rodi iwe na umbo la herufi Z, inafanya kazi ila rodi iliyopindwa inaweza kujinyoosha ikigonga jiwe. Njia bora ni kuhamishia rodi zote juu ya mikono ya tairi, kwa mikono iliyotengenezwa maalum, ili rodi irudi karibu na usawa. Hapa usibane hela.

Kuzuia ekseli isijinyonge

Springi laini zikiwa juu, na gia ya low, ukikanyaga mafuta ekseli inajizungusha, springi inakunjika umbo la S alafu inaachia, gari inadundadunda na mwisho krosi inalia. Dawa ni mkono wa chuma kutoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda mbele kwenye chesisi. Upande wa ekseli ufungwe kwa sehemu mbili, juu na chini ya bomba, usigeuke kabisa. Upande wa mbele usifungwe moja kwa moja kwenye chesisi! Ufunge kwenye sheko ndogo inayocheza mbele na nyuma, na bushi ya mpira au jointi inayozunguka, manake springi ikitembea ekseli inarudi nyuma kidogo na mkono usipopata nafasi hiyo ndo unakuwa wewe umejenga kizuizi cha springi. Urefu wake ukaribiane na propela. Mmoja tu unatosha, karibu na difu. Mbele kwa Suzuki nyepesi mara nyingi hauhitajiki.

Vitu vinavyosahauliwa

Funga kila kitu bila shokapu. Nyanyua tairi moja kwa jeki mpaka springi ibonyee mwisho huku ya upande wa pili inaning'inia. Sasa pima: shokapu ikifungwa kabisa iwe fupi kuliko nafasi iliyobaki kwa cm 2 au 3, na ikivutwa iwe ndefu kuliko ekseli inavyoshuka. Ukikosa ndefu ya kutosha weka mkanda wa kuzuia ekseli, shokapu sio kamba ya kuning'iniza difu. Mipira ya kugongea ishushwe au irefushwe ili springi isipinduke kinyume.

Katika mkao huohuo angalia hozi za breki, zisiwe zimenyooka, ongeza ndefu na utoe upepo vizuri. Propela ikiwa imevutika mwisho mkono unaoteleza ubaki ndani angalau cm 4. Bomba la pumzi la difu lisining'inie. Kwenye Hilux kuna valvu ya breki za nyuma yenye fimbo inayosoma uzito wa mzigo, ukinyanyua gari inadhani huna mzigo inapunguza breki za nyuma, kwaiyo nyanyua kibanio cha fimbo kwa kiasi kilekile ulichonyanyua gari.

Mara ya kwanza toka polepole, kilomita 50 mpaka 100 za barabara ya kawaida, rudi ukaze yubolti zote upya kwa mpangilio wa msalaba, kwa nguvu ya kwenye kitabu cha gari. Rudia tena baada ya safari ya kwanza ya porini, na siku hiyo pitisha tochi sehemu tatu: mwisho wa welding ya vikalio, chesisi kuzunguka vibanio vya sheko, na pale boksi la stelingi lilipofungwa kwenye chesisi. Ukiona kamstari kembamba chenye kutu nyekundu kwenye rangi, huo ni ufa umeshaanza, gari isitembee mpaka sehemu hiyo ikatwe, ichomelewe upya na iongezwe pleti.